Mpangaji Aliyeogopa Kunikosoa

Mie Kiingereza nimekianza nikiwa na wajukuu wawili na meno mawili pungufu. Nasema mapema ili asije mtu akadhani nasimulia habari za mwanafunzi hodari. Shule niliishia darasa la nne, wakati wa mkoloni, na Kiingereza kilikuwa kinaanza darasa la tano. Baba yangu alisema mtoto wa kike akishajua kusoma barua inamtosha. Barua zenyewe hazikuja. Baadaye, kwenye kisomo cha watu wazima, nikajikwangua kutu, nikawa nasoma gazeti mpaka ukurasa wa mwisho. Lakini la Kiswahili.

Kazi yangu ilikuwa vyumba. Nilikuwa mhudumu kwenye hoteli moja ya ufukweni kule Mbezi Beach, tangu ikiwa mali ya umma. Enzi hizo hakuna aliyekuwa na haraka. Taa ya chumbani ikiungua, mgeni alipewa mshumaa na pole. Ikaja miaka ya ruksa. Madukani sabuni zikajaa za kila rangi, mitumba ikatufuata mpaka milangoni, na mashirika yakaanza kuuzwa. Hoteli yetu nayo ikauzwa. Wenyewe wapya wakatuletea meneja, mama mmoja kutoka Kenya, mrefu, mkavu, ambaye viatu vyake unavisikia kabla hujamwona.

Hakumaliza wiki, akatukusanya wahudumu wote pale nyuma ya jiko.

"Kila siku saa nne asubuhi," akasema, "mkuu wa kila ghorofa ataandika karatasi moja apeleke mapokezi. Chumba gani kiko tayari, gani kinasafishwa, kitanda gani kinatengenezwa, neti gani inafuliwa. Iandikwe kwa Kiingereza, maana ofisi yetu yote sasa ni Kiingereza."

Mkuu wa ghorofa ya juu alikuwa mie.

Nikauliza, "Na asiyejua kuandika hicho Kiingereza?"

"Atashuka kwa dobi. Na mama, sitakuficha. Kwa dobi watu wamezidi. Watapunguzwa."

Miaka ile neno hilo hata mtoto alilijua. Ukipita mtaani kwetu ukimwona mwanamume mzima amekaa kibarazani saa tano ya asubuhi, huulizi, unajua kapunguzwa. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Wajukuu wawili nilikuwa nao mie, na sufuria la nyumba ile lilikuwa linategemea hivyo vitanda ninavyotandika. Meneja akatupa mwezi mmoja. Sikulia. Nilimaliza vyumba vyangu, nikavua sare, nikarudi nyumbani nikiwa nimeshaamua.

Nyumba yangu iko Mwananyamala, vyumba sita, choo nje. Chumba cha mbele alipanga mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa Bukoba, msafi, shati lake moja jeupe analipiga pasi kama linakwenda harusini. Jioni alikuwa anafundisha twisheni kwenye baraza langu. Walikuwa wanakuja watoto wa darasa la saba na vijana wachache wa sekondari, wanakaa mkekani, ubao ameuegemeza ukutani. Mie nilizoea kupita katikati yao na ndoo ya maji bila kuwaangalia.

Siku hiyo sikupita. Nikaweka ndoo chini.

"Mwalimu, kuanzia kesho nami nimo."

Akacheka, akidhani utani. Alipoona mie sicheki, akaacha.

"Mama, hawa ni watoto…"

"Nimewaona. Nina mwezi mmoja wa kujua kuandika kwamba chumba kinasafishwa. Nifundishe hilo tu, mengine sina haja nayo. Na sikiliza vizuri. Siku utakaponiaibisha mbele ya watoto hawa, siku hiyohiyo utafute chumba kwingine."

"Nimekuelewa, mama," akasema, na akainamisha kichwa.

Maneno yale niliyasema mwenyewe, kwa mdomo wangu. Yashikeni.

Kesho yake nikakaa mkekani na daftari jipya, kanga nimejifunga vizuri, nyuma ya wote. Jirani yangu, mwanamke wa umri wangu, alikuwa anakaanga vitumbua upande wa pili wa barabara. Akaniona.

"Shoga!" akaita, mtaa mzima usikie. "Umri umekurudi nyuma? Njoo basi tucheze na rede!"

"Angalia vitumbua vyako vinaungua!"

"Haviungui, vinashangaa!"

Watoto wakacheka. Mwalimu hakucheka, aliogopa hata kutabasamu.

Akaandika ubaoni sentensi ya simba anauawa na mwindaji. Nikanyoosha mkono kama nilivyoona watoto wakifanya. "Mwalimu, hapa Mwananyamala simba anauawa wapi?" Akafuta. Akaandika barua inaandikwa. Hiyo nikaikubali, nikanakili. Kila siku nikitoka kazini nikawa nakaa hapo, naandika sentensi kumi, nampa daftari. Naye kila siku alikuwa analirudisha lina alama za vema kumi, nyekundu, nzuri, mikia yake mirefu. Chini anaandika "Hongera mama." Watoto walionizunguka walikuwa wanapata nne, wanapata sita. Mie kumi! Sitasema uongo, kichwa kilinivimba. Nikamwonyesha yule wa vitumbua. Akayatazama yale mavema, akasema, "Ee, kumbe ulikuwa unatuficha, Mzungu wetu." Nikampikia mwalimu wali wa nazi na samaki siku mbili mfululizo. Alikula akiwa ameangalia sahani.

Wiki ya pili ilipokwisha, meneja akaniita kwenye kiofisi chake. Akanipa karatasi tupu na kalamu. "Mama, hebu niandikie ghorofa yako ilivyo saa hii."

Nikaandika. Sikutetemeka hata kidogo. Chumba hiki kinasafishwa, godoro lile linatengenezwa, mapazia yanafuliwa. Nikamsogezea karatasi, nikakaa wima.

Akasoma. Akachukua kalamu nyekundu. Akapiga mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaendelea mpaka chini. Nilikuwa nasikia ile kalamu inavyokwaruza.

"Hapa umeandika *The room is cleaning*," akasema. "Unajua umesema nini? Umesema chumba ndicho kinasafisha. Kama vyumba vyangu vinasafisha, mama, wewe nimekuweka wa nini?"

Kalamu ikashuka mstari wa pili.

"Na hapa godoro linatengeneza. Linatengeneza nini, viti?"

Hakuwa ananicheka. Angenicheka ningejua la kufanya. Alikuwa anasema tu, kama daktari.

Nikatoa daftari langu kwenye mkoba, nikalifungua mbele yake. "Mie nimefundishwa, bosi. Angalia. Kumi kwa kumi, siku zote."

Akafungua ukurasa mmoja, wa pili, akarudi wa kwanza. Akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayemwona mtu.

"Mama, hii yote iko na tiki. Na hii yote ni makosa." Akafunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili. "Nani alikuwa anakusahihishia?"

"Mpangaji wangu."

"Mpangaji," akasema. Akaifunika kalamu yake. "Imebaki wiki mbili. Sitaongeza."

Njiani sikumwona mtu. Nilipofika nyumbani mwalimu alikuwa ameketi kwenye kigoda anapiga viatu rangi, watoto wa twisheni hawajafika. Nikalitupa daftari miguuni kwake.

"Umenifanya mjinga."

Akalitazama lile daftari, wala hakuuliza kuna nini. Alijua. Akasimama, brashi mkononi.

"Mama, nisamehe."

"Sitaki samahani, nataka kujua. Uliona makosa au hukuyaona?"

"Niliyaona."

"Yote?"

"Yote, mama."

"Ukaweka vema."

"Sasa ningefanyaje?" Sauti ikampanda, akaishusha. "Wewe ni sawa na mama yangu mzazi. Kwetu mtu hachukui kalamu nyekundu akamwandikia mama yake kosa, tena watoto wanatazama. Nilijaribu siku ya kwanza, wallahi, mkono ulikataa." Yeye ni Mkristo, ile wallahi aliipata kwangu. "Halafu wewe mwenyewe ulisema nikikuaibisha nihame. Mimi nahama kwenda wapi, mama?"

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi. Yote yakaniishia. Maana nilivyomtazama yule kijana, na brashi yake, na kiatu kimoja kinang'aa na kingine bado, niliona ni mie niliyemfunga mkono. Nilitaka elimu na nilitaka kuogopwa, vyote viwili kwa wakati mmoja, kutoka kwa mtu mmoja. Akanipa kimoja. Akanipa kile nilichokitaka kwa sauti kubwa zaidi.

Nikaokota daftari mwenyewe, nikaingia ndani. Nikaswali alasiri. Nikakaa kitandani nikifikiri lile la kumwambia "kuanzia leo nikosoe" lingesaidia nini. Lisingesaidia. Angesema ndiyo mama, na mkono ungekataa tena. Adabu ya mtu huiondoi kwa kumwamrisha, amri yenyewe ndiyo inayomkumbusha kuwa wewe ni mkubwa wake.

Twisheni ilikuwa imeshaanza niliposikia wanaitikia ubaoni. Nikatoka. Sikupitia ukumbini kama mwenye nyumba. Nikazunguka uani, nikaja kwa barabarani, nikavua ndara zangu mwisho wa mkeka zilipokuwa za watoto. Nikasimama, daftari kifuani.

"Shikamoo, mwalimu."

Chaki ikamponyoka. Mtoto mmoja wa kike aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kwetu sie mtu mzima hamwamkii kijana, labda awe anamkejeli au amerukwa na akili. Kule ng'ambo kijiko cha vitumbua kikasimama hewani.

"Mama," akasema mwalimu kwa sauti ndogo, "usinifanyie hivyo. Utanitafutia laana."

"Mama yuko ndani anapumzika. Mie ni mwanafunzi, nimechelewa. Shikamoo, mwalimu."

"Mama, tafadhali…"

"Hawa wote wamekuamkia?"

"Wameniamkia."

"Ukawaitikia?"

"Ndiyo."

"Na mie niitikie. Sikai mpaka uitikie."

Jirani akapiga kelele kutoka kwenye karai lake: "Jamani mwitikie mwenzio, miguu ya mtu ina baridi yabisi!"

Watoto wakaangua kicheko, mwalimu naye kikamtoka kicheko cha hofu, na kilipomtoka nikaona mabega yake yameshuka.

"Marahaba," akasema. Akaangalia chini, kisha akaangalia juu. "Mbona umechelewa? Kaa chini."

Nikakaa.

Siku hiyo niliandika sentensi kumi, zikarudi na makosa tisa. Alama nyekundu kama upele. Ile moja iliyobaki nadhani aliniachia kwa huruma, nikamrudishia, nikamwambia, "Angalia vizuri hii." Akaangalia. Akaweka la kumi.

Sasa ndiyo nikaanza kusoma. Mambo yenyewe ni hivi, na nayaeleza kwa sababu yalinitoa jasho. Kiswahili chetu kinalimaliza kwa neno moja: kinasafishwa. Mtoto wa miaka mitatu analisema. Kiingereza wanalikata vipande vitatu. Unaanza na *is* kama kitu ni kimoja, au *are* kama ni vingi. Halafu *being*, hii haibadiliki hata uitishe. Halafu neno la kazi, lakini limevaa nguo za kazi iliyokwisha: *cleaned*, *washed*. Hapo ndipo nilipokuwa nakwama kila siku. Nikamwambia mwalimu, "Kazi haijaisha, kwa nini neno lake limeisha?" Akaeleza kwa chaki, akaeleza kwa mikono, nikawa naona midomo yake tu inakwenda.

Nikaelewa nikiwa uani, siku ya mapumziko, nafua sare za wajukuu. Shati liko kwenye beseni. Shati halifui, mie ndiye nafua, shati linafuliwa. Kwa hiyo lazima livae ile nguo ya kutendwa, *washed*, hata kama bado lina povu. Na ile *being* ndiyo maji. Maadamu shati limo majini, *being* imo. Ukilitoa, ukalianika kambani, unaiondoa: *is washed*, limeshafuliwa, kazi imekwisha. Nikasimama na mikono inadondosha maji. Nikamwita mwalimu atoke chumbani, akaja anakimbia, akidhani nimeumwa na nge.

"*The shirt is being washed*," nikamwambia. Nikalinyanyua, nikalikamua, nikalitundika. "*The shirt is washed*."

Akakaa kwenye ngazi ya mlango. Akacheka mpaka akafuta macho. "Mama, kwenye vitabu vyangu haliko hivyo," akasema. "Lakini ndivyo lilivyo. Kesho nitawafundishia wale."

"Wafundishe. Lakini kwanza niulize mashuka, yako mengi."

"*The sheets are being washed*."

"Nimekwambia uniulize, siyo unijibie!"

Nikamuuliza pia mbona yule anayefua hatajwi popote. Akasema Waingereza wakiona kazi ni muhimu kuliko mtendaji wanamwacha nje, na ukitaka kumtaja unamweka mwishoni. Nikasema mie miaka yote nimekuwa nje ya hiyo sentensi na vitanda vimetandikika. Akaona nataka kumgombeza, akarudi chumbani kwake. Sikutaka kumgombeza. Nilikuwa nasema ilivyo.

Zikabaki siku sita. Kila chumba nilichoingia kule hotelini nilikisemea. Kitanda kinatandikwa, kioo kinafutwa, maji yanamwagwa. Wenzangu wakasema sasa kichaa kimemwanza. Jioni nikija mkekani naamkia, mwalimu anaitikia, na sasa alikuwa anaitikia bila kuangalia chini. Siku moja nikaandika hovyo kwa uchovu. Akalishika daftari langu juu, mbele ya watoto wote.

"Hii ni kazi ya mtu mzima hii? *Are* iko wapi? Vyandarua ni vingapi?"

"Vitatu, mwalimu."

"Basi andika upya. Yote."

Damu ilinipanda, siwezi kukataa. Nikaona watoto wananitazama wasikie nitasema nini. Nikapindua ukurasa, nikaandika upya. Yote.

Siku ikafika. Meneja hakuniita ofisini, alikuja mwenyewe juu, saa nne kasoro robo, viatu vyake vikitangulia. Siku hiyo ilikuwa ya taabu, maana umeme ulikuwa wa mgao, pampu haipandishi maji, wageni wa vyumba viwili wameondoka ghafla na watatu wapya wanangoja chini na mabegi yao. Akaegemea mlango wa stoo ya mashuka.

"Haya mama. Mapokezi wanangoja karatasi. Hii siyo mtihani, nataka kuipeleka."

Nikainama kwenye meza ya kukunjia mashuka, nikaandika. Vyumba kumi na viwili. Vinne viko tayari. Viwili vinasafishwa. Kimoja godoro linatengenezwa. Vyandarua vinafuliwa, na mapazia pia. Bomba la chumba cha mwisho linazibuliwa, na hilo la kuzibua sikuwa nalijua, nikaandika tu kwamba bomba linatengenezwa, Mungu anisamehe. Nilipofika *being* ya kila mstari nilisimamisha kalamu, nikajiuliza, limo majini au limetoka?

Nikampa. Akasoma akiwa amesimama. Akatoa ile kalamu nyekundu mfukoni. Akapiga mstari mahali pamoja tu.

"Hapa," akasema, "mapazia. Umeandika *is*."

Nikachukua karatasi nikaangalia. Kweli. Mapazia mengi, nimeyafanya moja.

"Si neno, hii wataelewa," akasema, akanyoosha mkono aichukue.

"Hapana bosi. Ngoja."

"Mama, wageni wako chini."

"Wangoje."

Nikachukua karatasi nyingine. Nikaandika upya yote, tangu chumba cha kwanza, mkono wangu mzito, herufi moja moja, naye amesimama pale anaangalia saa yake. Sikuharakisha. Nilipofika kwenye mapazia nikaandika *are*. Nikaisoma yote kwa kidole toka juu mpaka chini, ndipo nikampa.

Akasoma tena. Kalamu nyekundu akairudisha mfukoni.

"Stoo hii funguo zake anakaa nazo nani?" akauliza.

"Mie."

"Endelea kukaa nazo," akasema, akashuka na karatasi yangu, na nikasikia viatu vyake vinateremka ngazi mpaka mapokezi.

Nikarudi chumba cha sita. Kitanda nilikuwa nimekiacha nusu.